Kadi ya Michoro Ukweni

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sikulaumu. Hata mimi ningekuwa na uwezo wa kuikosa wiki ile maishani mwangu, ningeikosa.

Kwa kifupi: mke wangu, fundi cherehani anayeheshimika mtaa mzima, alirudi kwao. Hakufukuzwa, hakupigwa. Alikunja nguo zake taratibu, akavaa tepu yake ya kupimia shingoni kama kawaida yake, akaniambia, "Nimechoka kuishi na mtu anayejua kila kitu."

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimemfungulia cherehani chake cha umeme, nikamwambia kina kaugonjwa kadogo tu. Nilipokifunga, skrubu mbili zilibaki mezani na cherehani kikanyamaza mazima.

Kazi yangu mnaijua. Nauza makava ya simu na vioo vya kubandika, kwenye kaunta ya duka la kompyuta. Fundi hukaa nyuma, mimi hukaa mbele, kwa hiyo wateja hunikuta mimi kwanza na kuniita Daktari. Jina hilo sikujipa mwenyewe. Ila sikulikataa, na lilipofika ukweni nikalikuta limeshapewa kiti.

Tuliishia nikiwa mlangoni kwa wakwe zangu, nimevaa shati lililopigwa pasi upande mmoja, nimekwenda kuomba nirudishiwe mke wangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Daktari! Ingia, mwanangu, mbona unasimama kama mdai?"

Nilikwenda nimejiandaa kwa matusi. Majibu ya matusi nilikuwa nayo yote njiani. Kwa kuchekewa sikuwa na jibu hata moja, nikaingia huku nimechanganyikiwa.

Sebuleni alikuwapo baba mkwe, dereva mstaafu wa malori ya safari ndefu, mtu ambaye mpaka leo huamua mambo kama mtu anayeachwa na gari. Alikuwapo mama mkwe, kimya kwenye kiti chake. Alikuwapo mjomba wa mke wangu, msuluhishi wa ukoo, ambaye kila ugomvi anaousuluhisha huugeuza kichekesho na kukisimulia harusi zote zinazofuata. Na pembeni alikuwapo mke wangu, macho yake yakiangalia zulia.

"Binti hakufukuzwa huko, na hapa hakufungwa," baba mkwe alianza. "Leo hii utaondoka naye. Sisi hatuhifadhi wake za watu kabatini. Ila kabla hujaondoka, kuna kakazi."

Shemeji yangu, mdogo wake wa kiume mke wangu, akaingia amekumbatia boksi. Wenzake kwenye gemu humwita Kamanda. Nyumbani huitwa "wewe", kwa sababu hata vita ya kuosha sufuria hajawahi kuimaliza.

"Shemeji, umekuja wakati mzuri," alisema. "Mashine yangu ya gemu unaijua, ni ya zamani. Picha zinakwama, zina kigugumizi. Adui ananimaliza kabla sijamwona. Sasa rafiki yangu kanipa kadi yake ya michoro, ile wanayoiita graphics card, hii kubwa, kwa sababu yeye kanunua mashine mpya. Na leo alasiri kuna watu wa timu moja watanitazama nikicheza. Wakinipenda, wananichukua."

"Alitaka kuifunga mwenyewe," akadakia baba mkwe. "Nikamkataza. Nikasema ukoo wenye daktari, kwa nini mgonjwa afe mikononi mwa mganga?"

"Mambo ni rahisi," akasema mjomba. "Mkwe anaponya mashine, anabeba mke. Sote tunakwenda kulala."

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Mke wangu hakucheka. Alisema bila kuinua macho, "Muulizeni kwanza kama anajua."

Macho yote yakanigeukia, na ya kwake yakainuka kutoka kwenye zulia. Ndugu msomaji, mlango ulikuwa nyuma yangu, wazi. Ningesema neno moja la kweli pale, ningechekwa kidogo, na leo ukurasa huu ungekuwa na tangazo la magodoro.

"Hiyo ndogo," nikasema.

Macho ya mke wangu yakarudi kwenye zulia.

Chumba cha shemeji kilikuwa na kitanda, meza na dirisha la nondo linalotazama ukuta wa jirani. Kompyuta ilikaa juu ya meza, kasha lake lina kioo ubavuni, na ndani vumbi limejilaza kwenye mafeni.

"Shemeji, mlango usiufunge," Kamanda alionya. "Kitasa cha ndani kimekufa. Ukijifunga, unafunguliwa kwa nje tu." Kisha akatoka mbio kwenda kuazima hedifoni kwa rafiki yake.

Baba mkwe akanyoosha mkono. "Simu yako nipe nikuchajie sebuleni. Daktari akiwa kwenye upasuaji hapigiwi simu."

Nilimpa. Mkwe unamkataliaje? Lakini humo ndani ya simu ndimo ilimokuwa namba ya fundi wa dukani, tegemeo langu la pekee, na nililiona likiondoka likiwa ndani ya mfuko wa shati la baba mkwe.

Nikafungua ubavu wa kasha. Nikapiga chafya. Kadi ya zamani niliitambua kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeshika waya wa skrini. Nikauchomoa waya, nikalegeza skrubu, nikaivuta kadi.

Haikuja. Nikaivuta tena. Ikagoma kama jino la mtu mzima.

Hapo mke wangu akaingia. Mama yake alikuwa amemtuma aniletee maji, na alikuwa ameshika sahani yenye glasi kwa mikono miwili. Kwa hiyo akausukuma mlango kwa kisigino, kama alivyokuwa akiusukuma enzi za usichana wake.

Mlango ukajifunga.

"Umeufunga?" nikauliza.

"Si mlango? Milango hufungwa."

"Huo haufunguki kwa ndani. Kitasa kimekufa."

Akaweka maji mezani, akakizungusha kitasa. Kikazunguka chote bila kushika kitu. Kilikufa baada ya yeye kuolewa, asingejua. Simu yake alikuwa ameiacha chumbani kwa mama yake.

"Basi kitengeneze," akasema. "Si Daktari?"

Nikaigeukia kadi.

"Au ita watu."

Nani aite? Mkwe hapigi kelele ukweni. Na apige kelele za nini? Kwamba amefungiwa chumbani na mke wake, mchana kweupe, wakati wazee wako sebuleni wanangoja kompyuta? Mjomba angekula harusi kumi kwa kisa hicho kimoja.

"Ita wewe," nikamwambia. "Ni kwenu."

"Mimi sina haraka." Akakaa kitandani, mikono magotini. "Nataka kukuona unavyofanya kazi. Endelea."

Mbele yangu mashine, nyuma yangu mke, ubavuni nondo. Jasho likaanza kunitoka mahali ambapo sikujua kuwa hutoka jasho. Nikaishika kadi kwa mikono miwili, nikamuomba Mungu, nikavuta.

Ka!

Kadi ikatoka. Pamoja nayo kikatoka kipande kidogo cha plastiki, kikaruka, kikaangukia mguuni kwa mke wangu.

"Nini hiki?"

"Hicho... ndivyo inavyotoka."

"Kwa kuvunjika?"

"Ni kishikio cha muda. Cha kiwandani. Cha usafiri."

Akakiokota, akakigeuza kwenye mwanga. Mke wangu hajui kompyuta, lakini bizimu, vifungo na vishikizo vya kila namna vimepita kwenye vidole vyake.

"Hiki kilikuwa kinambana asitoke," akasema. "Ulitakiwa ukibonyeze, ndipo uvute. Wewe umemvua mtu gauni bila kufungua vifungo."

"Nilikibonyeza."

Akakiweka kipande mezani, karibu na glasi, mahali ambapo nisingeweza kuacha kukiona.

Nikaitoa kadi mpya kwenye boksi. Ilikuwa nzuri, nzito, ina mafeni matatu. Nikaielekeza ndani. Haikuingia. Nikaijaribu kwa kuiinamisha, kwa ubavu, kwa kuitanguliza mkia. Mwisho wake ulikuwa unagonga fremu ya chuma iliyokuwa mbele, ile ya kuwekea diski.

"Uliipima?" sauti kutoka kitandani.

"Kadi hazipimwi."

"Kila kinachoingia ndani ya kingine hupimwa."

Akainuka, akavua tepu shingoni. Akaipima kadi, akaweka ukucha kwenye tepu, akapima nafasi ya ndani ya kasha. Ukucha ulipita ile fremu na kwenda mbele zaidi.

"Mtu mzima huyu," akasema, "na umemletea sare ya shule ya msingi."

Ningecheka, kama si aibu. Badala yake niliona chini ya meza msumeno wa chuma, nikauchukua. Sikuwa na mpango mwingine. Kidume aliyebanwa akiona msumeno, hudhani Mungu kamjibu.

Mke wangu akanishika mkono. Tangu aondoke nyumbani hakuwa amenigusa.

"Weka chini. Mimi nikiona nguo imebana sianzi na mkasi. Natafuta mshono. Hii nayo ilishonwa na mtu, tazama vizuri."

Tukainama pamoja, vichwa vikagusana. Alikuwa na ile harufu yake ya kitambaa kipya, na nilimkumbuka ingawa alikuwa pale pale. Fremu haikuwa na diski ndani. Ilikuwa tupu, imeshikwa na skrubu kwa chini. Yeye akainamisha kasha, mimi nikazifungua. Fremu ikatoka nzima, bila jeraha.

Kadi ikaingia. Ikakaa mahali pake kwa sauti ndogo ya kuridhika.

Ilibaki kuilisha umeme. Ya zamani haikuhitaji waya wake mwenyewe, hii ilihitaji. Ndani ya boksi palikuwa na kiungo cha waya, nikakiunga kwa kulinganisha maumbo: tundu lililokubali ndilo lililokuwa lake. Kisha nikauchukua waya wa skrini, nikapeleka mkono nyuma ya kasha, nikapapasa, nikapata tundu lenye umbo lile lile, nikauchomeka.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari."

Nikabonyeza swichi. Mafeni yakanguruma yote, taa za rangi zikawaka ndani kama duka la simu. Moyo wangu ukapanda.

Skrini ikabaki nyeusi.

Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nikapuliza vumbi, nikagonga skrini kwa adabu, nikazima, nikawasha. Nyeusi.

"Daktari!" Baba mkwe, kutoka sebuleni. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameamka, baba! Bado hajafumbua macho!"

Sebuleni wakacheka. Chumbani hakuna aliyecheka.

Mke wangu akasogea karibu. Safari hii alizungumza kwa sauti ya chini kabisa, ile ya chumbani kwetu.

"Kimeharibika nini?"

Uongo wangu ulikuwa umeshapanga foleni mdomoni. Wa kwanza ulisema umeme wa mtaa huu ni mdogo. Wa pili ulisema skrini imechoka. Wa tatu, mjanja zaidi, ulisema rafiki yake Kamanda alitoa kadi mbovu ndiyo maana aliitoa bure.

"Usiseme umeme," akasema, kabla sijafungua mdomo. "Nisikilize. Cherehani sikukililia. Cherehani ni chuma. Nilikuuliza, 'Unajua?' Ukasema, 'Najua.' Mimi nikakuamini, nikamhakikishia bibi harusi kwamba gauni lake litakuwa tayari. Siku yake ilipofika, mimi ndiye niliyesimama mbele ya mama yake na shangazi zake nikatukanwa. Wewe ulikuwa kazini. Uongo ukiusema wewe, anayekwenda kuusimamia ni mimi. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwelewa.

"Sasa nakuuliza tena. Unajua kimeharibika nini?"

Nikakitazama kile kipande cha plastiki, kando ya glasi ya maji.

"Sijui."

"Sikusikia."

"Sijui, mke wangu. Sijui kwa nini kioo ni cheusi. Sijui nilichokivunja kinaitwaje. Sijui hata hii kadi humo ndani inafanya kazi gani. Mimi nauza makava ya simu."

Akaanza kucheka, kicheko chenye machozi, akaweka paji la uso wake begani kwangu.

"Hilo tu," akasema. "Hilo tu ndilo nililokuwa nalidai. Sasa tunatoka, unamwambia baba hivyo hivyo, tunakwenda kwetu."

"Mbele ya mjomba?"

"Mbele ya mjomba."

"Haya," nikasema. Na naapa, ndugu msomaji, nilimaanisha.

Akaugonga mlango kwa kiganja. "Jamani! Tufungulieni!"

Aliyefungua ni Kamanda, hedifoni shingoni. Nyuma yake, ukoo.

"Lo!" mjomba akapaza sauti. "Kumbe daktari kajifungia na muuguzi! Upasuaji gani huu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mke wangu alinifinya kiuno kwa nyuma, akapita katikati yao kwenda kuchukua begi lake. Nikapata nguvu.

"Baba," nikasema, "nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Hii mashine, kwa kweli, mimi..."

"Aah, shemeji!" Kamanda alikuwa ameshaingia nyuma ya meza. "Waya wa skrini umeuacha huku juu, kwenye tundu la mashine yenyewe! Umeniachia mimi nimalizie, siyo? Ili niseme nimeifunga kwa mkono wangu!"

Akauchomoa, akauchomeka kwenye tundu la kadi mpya.

Skrini ikawaka. Kidogo kidogo gemu lake likafunguka: milima, mto, na majani yanayoyumba jani moja moja. Hata mimi nilisahau aibu yangu, nikatazama.

"Yananesa!" Kamanda akapiga kelele. "Baba, ona majani yananesa!"

Chumba kikalipuka. Baba mkwe akaunyanyua mkono wangu juu. Mjomba akapiga mluzi. Nilijaribu kusema, nikasema kweli, "Hapana, baba, ngojeni," lakini nani humsikiliza mtu anayepongezwa? Walidhani ni unyenyekevu, wakaniongezea sifa.

Wakanibeba mpaka sebuleni kwa maneno. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na mlango wa nje, begi mkononi. Alitabasamu. Lakini nyusi zake zilikuwa zinaniuliza: neno lako bado unalo?

Nikamwitikia kwa kichwa: ndiyo, ninalo.

"Baba, mama, mjomba," nikaanza. "Kabla hatujaondoka nataka mjue kitu."

"Utasema, mwanangu, leo ni siku yako," akasema baba mkwe. "Lakini mama yako amekutangulia."

Mama mkwe alikuwa amesimama. Mkononi alishika mashine yake ya mvuke, ile ya dawa ya kifua, ameifunga kwenye kitambaa cheupe. Pumu ya mama mkwe inajulikana ukoo mzima. Pumzi ikimbana, hukaa na ile mashine usoni mpaka hewa ikubali kurudi, na kila mtu ndani ya nyumba hunyamaza akisikiliza.

"Tangu juzi inatoa mvuke kidogo, halafu inazima," baba mkwe alieleza. "Hospitali walisema tuwapelekee wao. Nikawaambia hapana, mkwe wangu anakuja."

Mama mkwe akanisogelea. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi. Pumzi zake huzitumia kwa kubana matumizi.

"Mwanangu," akasema, akatulia, akavuta hewa. "Wengine ninawaogopa. Wewe nakuamini."

Hata mjomba hakuwa na mzaha.

Mke wangu aliliweka begi chini, katikati ya miguu yake. Hakuitazama mashine. Alikuwa akiutazama mdomo wangu.

Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitamka muda mfupi uliopita na halikuniua. Lakini chumbani nililisema kwa mtu mmoja aliyelitaka. Hapa walikuwa wengi, hakuna aliyelitaka ila yeye, na yule mama alikuwa amenyoosha mikono yake miwili na ile mashine ndani yake, kama mtu anayempa mwenzake mtoto ambebee.

Mikono yangu ikapokea.

"Kaa, mama," nikasikia mtu akisema kwa sauti yangu. "Nitaitazama."

Vigelegele.

Mke wangu akalinyanyua begi, akaliweka juu ya kochi, akalifungua zipu. Akatoa gauni moja, akalikunjua, akalitundika kwenye msumari ukutani. Akatoa la pili.

Nilitaka kumwita. Lakini tayari walikuwa wamenikalisha mezani, taa imesogezwa, Kamanda ameleta bisibisi, na wote wameniinamia.

Nilikuwa nimeshatoa skrubu ya kwanza mama mkwe alipoanza kukohoa.